Maoni ya Wachezaji kuhusu Michezo ya Video ya Mkakati na Mapigano ya Anga: Kutoka Upokezi hadi Ushiriki katika Uundaji

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mtafiti anavyopaswa kuyasoma maoni ya wachezaji kuhusu michezo ya video ya bunilizi ya kisayansi inayohusu mkakati na mapigano ya anga. Mifano mitatu imeteuliwa: Homeworld, Stellaris na EVE Online. Uchambuzi unaongozwa na Nadharia ya Upokezi pamoja na hoja za Albert O. Hirschman kuhusu kusema na kuondoka. Makala yanabainisha kwamba maoni hayo si ya aina moja: yapo yanayotoa ushahidi kuhusu utendaji wa mchezo, yapo yanayotetea namna fulani ya kucheza, na yapo yanayodai haki. Hoja kuu ni kwamba mtafiti anayeyapima yote kwa kipimo kimoja cha kusifu na kulaumu huikosa maana ambayo wachezaji wenyewe wameikusudia.

1.0 Utangulizi

Mchezo wa mkakati wa anga humkabidhi mchezaji dola, kundi la manowari au chombo kimoja tu, kisha humwachia aamue njia ya kupita, adui wa kupigana naye na hasara ya kuvumilia. Kwa maudhui yake, mchezo wa namna hii ni ndugu wa riwaya na filamu za bunilizi ya kisayansi. Hata hivyo, unatofautiana nazo kwa mambo mawili yanayoathiri moja kwa moja maoni ya hadhira.

Jambo la kwanza ni muda. Riwaya husomwa kwa siku chache, ilhali kampeni moja ya mchezo wa mkakati inaweza kuchukua makumi ya saa, na baadhi ya wachezaji hubaki katika mchezo mmoja kwa miaka. Jambo la pili ni kutodumu kwa matini. Msomaji asiyeridhika na mwisho wa riwaya anaweza kuandika uhakiki mkali, lakini mwisho ule hubaki ulivyochapishwa. Mchezaji, kwa upande wake, anaweza kununua mchezo leo na kuufungua baada ya miaka miwili akakuta kanuni za kusafiri, kupigana au kujenga zimebadilishwa na waundaji. Maoni yake basi hutolewa kuhusu kitu ambacho bado kinaundwa, na yeye hulijua hilo anapoandika.

Pamoja na tofauti hizo, maoni ya wachezaji aghalabu hushughulikiwa kwa njia mbili finyu. Ama huonekana kuwa kelele za wateja wenye hasira, ama huhesabiwa kama kura, za ndiyo upande huu na za hapana upande ule. Njia zote mbili hazisemi ni kitu gani hasa kinachotetewa.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Nadharia ya Upokezi, inayohusishwa na Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser, si ngeni katika tafiti za fasihi. Jauss alieleza kwamba msomaji huikabili kazi akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizozisoma awali. Iser alisisitiza kuwa matini huwa na mapengo ambayo msomaji huyajaza. Mawazo haya yanafaa kueleza kwa nini wachezaji wawili huuona mchezo mmoja kwa macho tofauti. Udhaifu wake kwa mada hii ni kwamba yote mawili huchukulia kuwa matini imekamilika kabla ya kumfikia mpokeaji.

Ili kuziba upungufu huo, makala yanatumia hoja za mwanauchumi Albert O. Hirschman, aliyeeleza katika kitabu chake cha mwaka 1970 kwamba mtu anayeona taasisi aliyomo inazorota ana njia kuu mbili: kuondoka au kusema. Uaminifu kwa taasisi huchelewesha kuondoka na kuyapa nguvu maneno ya yule aliyebaki. Hirschman aliandika kuhusu kampuni, jumuiya na dola, lakini mchezo wenye wakazi wa kudumu una sura ya vyote vitatu.

3.0 Maoni kama Ushahidi: Homeworld

Homeworld, mchezo ulioundwa na Relic Entertainment ya Vancouver, Kanada, ulitolewa mwaka 1999. Uliwawezesha wachezaji kuamuru makundi ya meli katika nafasi yenye pande zote tatu, yaani mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini. Meli zilizonusurika katika hatua moja ziliendelea hadi hatua inayofuata. Kwa hiyo chombo kilichopotea kwa uzembe kilikosekana baadaye kilipohitajika, na mchezaji alijifunza kuzithamini meli zake moja moja.

Mwaka 2015 kampuni ya Gearbox ilitoa toleo lililofanyiwa ukarabati. Picha na sauti zilipokewa kwa sifa. Hata hivyo, wachezaji wa zamani walibaini kasoro ambayo mgeni asingeweza kuiona. Mchezo wa kwanza ulikuwa umehamishiwa katika mfumo wa kompyuta wa mchezo wa pili, uliotolewa mwaka 2003. Katika mchezo wa asili, risasi ilikuwa kitu kinachosafiri angani. Chombo kidogo kilichopinda kwa wakati kiliweza kuikwepa, na safu ambamo vyombo vilipangwa ilibadilisha matokeo ya pambano. Katika mfumo wa pili, kupiga au kukosa kuliamuliwa zaidi na hesabu ya uwezekano. Mbinu za safu ambazo wachezaji walizijua kwa miaka mingi hazikuleta tena matunda yale yale.

Maoni hayo hayakuwa suala la ladha. Yalikuwa ushahidi unaoweza kuthibitishwa, kwa kuwa mkusanyiko huo ulijumuisha pia michezo ya asili, na yeyote aliweza kulinganisha. Mwaka 2016 yalitolewa maboresho yaliyoshughulikia safu za vyombo pamoja na mwenendo wa risasi. Hapa mchezaji alifanya kazi ya shahidi, tena shahidi ambaye ujuzi wake ulitokana na kukaa ndani ya mchezo kwa muda mrefu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Si ajabu basi kwamba duka la michezo la Steam huonesha, kando ya kila maoni, idadi ya saa ambazo mwandishi wake ameucheza mchezo husika. Saa hizo ni dalili ya ujuzi. Hata hivyo, si dhamana ya usahihi, kama mfano unaofuata unavyoonesha.

4.0 Maoni kama Utetezi wa Namna ya Kucheza: Stellaris

Stellaris ni mchezo wa mkakati wa kampuni ya Paradox ya Uswidi uliotolewa mwezi Mei 2016. Mchezaji huongoza jamii inayoanza na sayari moja na kuipanua katika galaksi. Mwanzoni kulikuwa na namna tatu za kusafiri kati ya nyota: kuruka moja kwa moja hadi nyota iliyo karibu, kutumia vituo vinavyofungua milango ya mkato, na kupita katika njia maalumu zinazounganisha nyota moja na nyingine. Kila dola iliweza kuwa na namna yake.

Toleo la 2.0 la mwezi Februari 2018 liliondoa uhuru huo. Dola zote zililazimika kuanza kwa kupita katika njia maalumu, na namna nyingine zikabaki kama teknolojia au maajabu yanayopatikana baadaye. Sababu za waundaji zilikuwa za kimkakati. Iwapo adui anaweza kutokea popote, mpaka hauna maana, ngome haina cha kulinda, na vita hugeuka kuwa kufukuzana. Njia zikiwa chache na zinazojulikana, hupatikana milango ya kuzuia, maeneo yenye thamani ya kupiganiwa na sababu ya kujenga ngome.

Wachezaji waligawanyika. Waliounga mkono walisema kwamba sasa ramani ina sura na vita vina mpango. Waliopinga walisema kuwa tofauti za kusafiri ndizo zilizozipa jamii za anga utambulisho, na kwamba galaksi yenye barabara zilizochorwa imepoteza ule uwazi unaomvutia mtu katika bunilizi ya kisayansi. Katika pande zote mbili walikuwamo wachezaji wenye uzoefu mkubwa, na wote walieleza mabadiliko yale yale kwa usahihi. Walichotofautiana ni upeo wa matarajio. Kundi la kwanza liliuona mchezo kuwa ubao wa vita, ambao kanuni zake hupimwa kwa ubora wa maamuzi zinayozalisha. Kundi la pili liliuona kuwa masimulizi, na kanuni zake zilipimwa kwa aina ya ulimwengu zinaoruhusu kuwaziwa.

Mgogoro huu hauna suluhu ya kiufundi. Kampuni haikuwa na kosa la kurekebisha. Ilikuwa na uchaguzi wa kufanya, na kila uchaguzi ungemnyima mtu kitu alichokilipia. Paradox iliendelea kuwaruhusu wachezaji kurudi katika matoleo ya zamani, hatua iliyopunguza makali ya hasara bila kuiondoa, kwani mchezaji aliyebaki nyuma hakupata nyongeza zilizofuata. Kwa lugha ya Hirschman, huko kulikuwa kuondoka bila kutoka nje ya nyumba.

5.0 Maoni kama Dai la Haki: EVE Online

EVE Online, mchezo wa kampuni ya CCP ya Reykjavík, Iceland, ulianza mwezi Mei 2003. Wachezaji wake, isipokuwa walio katika seva ya China, huishi katika ulimwengu mmoja. Meli na silaha nyingi hutengenezwa na wachezaji na kuuzwa katika masoko yao. Chombo kinachoharibiwa vitani hakirudi. Ujuzi wa mhusika huongezeka kwa muda halisi wa siku na miezi. Uzito wa masharti hayo ulidhihirika tarehe 27 na 28 Januari 2014, katika pambano la B-R5RB. Zaidi ya wachezaji 7,000 walishiriki kwa takribani saa 21, na meli 75 za daraja la Titan, zilizo kubwa kuliko zote, ziliteketea. Thamani ya hasara ilikadiriwa kuwa takribani dola 300,000 za Marekani.

Katika ulimwengu wa namna hiyo, kanuni ya msingi si burudani bali usawa: kila kilichopo kimefanyiwa kazi na mtu. Mwaka 2007 ilibainika kwamba mtumishi mmoja wa kampuni alijipatia ndani ya mchezo michoro adimu ya uundaji iliyounufaisha muungano wake. Ghadhabu iliyofuata ilichangia kuanzishwa, mwaka 2008, kwa baraza la wawakilishi linalochaguliwa na wachezaji na kukutana na waundaji.

Mtihani mkubwa zaidi ulifika mwezi Juni 2011. Kampuni ilifungua duka la mapambo ya wahusika ambamo miwani ya jicho moja iligharimu zaidi ya dola 60. Wakati huohuo jarida la ndani la kampuni lilivuja, likijadili uwezekano wa kuuza vitu vya aina nyingine. Ilivuja pia barua ya mkuu wa kampuni, iliyowataka watumishi kutazama zaidi wanachofanya wachezaji kuliko wanachosema. Wachezaji walitenda. Walikusanyika na vyombo vyao katika Jita, kitovu cha biashara cha mchezo, wakaifyatulia risasi sanamu iliyokuwapo hapo. Wengine walisitisha ada zao.

Msomaji wa juujuu angeona kwamba watu walikasirishwa na bei ya miwani. Maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa miwani haikumpa mtu nguvu yoyote vitani. Zaidi ya hayo, kabla ya hapo mchezaji tayari aliweza kununua muda wa kucheza kwa fedha halisi na kuwauzia wengine kwa fedha ya mchezo. Tofauti ni kwamba fedha hiyo ya mchezo ilinunua meli iliyokwisha kutengenezwa na mchezaji mwingine. Hofu ya mwaka 2011 ilikuwa kwamba kampuni ingeanza kuuza vitu vinavyotokea pasipo kazi ya mtu, na hivyo kufuta maana ya kazi ya kila aliyekuwamo.

Baraza la wachezaji liliitwa Reykjavík, na tamko la pamoja likatolewa kwamba duka lingebaki la mapambo. Mwezi Oktoba mkuu wa kampuni aliwaomba radhi wachezaji kwa maandishi, na mwezi huohuo kampuni ilitangaza kupunguza takribani asilimia 20 ya watumishi wake. Toleo la mwezi Novemba lilirejesha mkazo katika meli na mapigano. Kwa hiyo waliopoteza ajira walikuwamo miongoni mwa waliolipa gharama ya maoni ambayo hayakusikilizwa mapema.

6.0 Athari kwa Mbinu za Utafiti

Mifano hii inadokeza tahadhari tatu. Kwanza, data za maoni zibainishwe kwa kazi zinazofanya kabla ya kuhesabiwa. Ushahidi huthibitishwa kwa kuucheza mchezo, utetezi hufasiriwa kwa upeo wa matarajio, na dai la haki huchunguzwa kwa kuuliza ni ahadi gani inayodaiwa kuvunjwa.

Pili, wingi wa maoni katika kipindi kifupi usichukuliwe kuwa hukumu ya ubora. Steam yenyewe iliongeza mwaka 2017 chati inayoonesha mtiririko wa maoni kwa wakati, baada ya michezo kadhaa kushambuliwa kwa makundi ya maoni hasi. Mkupuo kama huo ni tukio la kueleza, pengine dai la haki lililokosa mlango mwingine.

Tatu, mtafiti akumbuke ukimya. Anayelalamika kwa kurasa nyingi bado yumo, na lawama zake ni sehemu ya uaminifu. Aliyeondoka bila neno haonekani katika data za maandishi, ingawa huenda yeye ndiye aliyeumizwa zaidi.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba maoni ya wachezaji wa michezo ya mkakati na mapigano ya anga ni zaidi ya mwitiko kwa kazi iliyokamilika. Katika Homeworld maoni yalisaidia kurekebisha kanuni iliyoharibika. Katika Stellaris yalifichua kwamba mchezo mmoja ulibeba matarajio mawili yasiyoweza kutimizwa kwa pamoja. Katika EVE Online yalilinda makubaliano yaliyoufanya ulimwengu ule ukalike. Kauli iliyovuja mwaka 2011 ilitenganisha kusema na kutenda kana kwamba kimoja kinaweza kupimwa bila kingine. Matukio yaliyofuata yalithibitisha kinyume chake: wachezaji walioifyatulia sanamu ya Jita walikuwa wakitenda yale yale waliyokwisha kuyasema.