Mwulize kwa Lugha Yake

Baada ya ghasia za uchaguzi wa Kenya wa 2007, wakimbizi walivuka mpaka Busia na Malaba, wakapokelewa Mulanda, wilayani Tororo. Aliyechomewa nyumba hasemi "ninaugua akili". Husema: "Nafikiri mno, usingizi hauji."

Watafiti waliotoka Marekani kuja kusini mwa Uganda waliwauliza kwanza wanakijiji. Wakapewa neno la Kiganda, okwekyawa, yaani kujichukia. Vikundi vilikutana kila wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliofunzwa. Matokeo ya mwaka 2003 yalionyesha huzuni imepungua sana.

Hapa mpakani tuna Wasamia, Wateso na Wajopadhola. Usimcheke jirani wala kumwita mwendawazimu. Mwulize kwa lugha yake, msikilize, kisha msindikize kituo cha afya.