Kusimamisha na Kurudisha Nyuma Matangazo Mubashara: Yanavyowezekana na Panapohitajika Tahadhari

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Alasiri ya siku ambayo Waziri wa Fedha husoma bungeni Dodoma hotuba ya bajeti, si ajabu kukuta katika maduka ya Mtaa wa Kongo, Aggrey na Msimbazi simu imeegemezwa kwenye kaunta, hotuba ikisikika katikati ya kelele za Kariakoo. Mteja anaingia. Muuzaji wa vitenge anashusha marobota, anapatana bei, anahesabu chenji. Anapoigeukia tena simu yake, Waziri amekwishaupita ukurasa uliohusu ushuru wa nguo. Zimepita dakika nne tu, lakini hatua nyingi za kodi zinazotangazwa mwezi Juni huanza kutumika Julai 1, na kwa mtu mwenye mzigo ulioko njiani dakika hizo nne zina thamani ya fedha.

Muuzaji huyo ana njia mbili. Ya kwanza ni kusubiri vipande vifupi vitakavyosambazwa jioni katika makundi ya WhatsApp, ambavyo mara nyingi hukatwa mwanzo au mwisho. Ya pili ni kuweka kidole juu ya mstari ulio chini ya picha na kuuvuta kuelekea kushoto, kisha akaisikia kauli ya Waziri kwa sauti yake mwenyewe, tangu sentensi ya kwanza. Wengi hawaitumii njia hii kwa sababu wanaamini kwamba tangazo mubashara, kama maji ya mto, likipita limepita.

Imani hiyo ina asili yake. Katika miaka ya 1950, wakati TANU ilipofanya mikutano ya hadhara katika viwanja vya Mnazi Mmoja, aliyechelewa kufika hakuwa na budi kumwuliza aliyesimama kando yake Mwalimu Nyerere amesema nini. Redio, iliyoanza jijini kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, ilifikisha sauti mbali zaidi, ila nayo haikumngojea mtu. Kwa mambo ya Bunge ilibaki Hansard, yaani Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, ambayo ndiyo kumbukumbu ya kuaminika hadi leo, lakini husomwa baadaye. Runinga ya kusimamishwa katikati ya matangazo iliingia majumbani mwaka 1999, pale vifaa vya TiVo na ReplayTV vilipoanza kuuzwa Marekani. Vilirekodi matangazo katika diski ya ndani huku mtazamaji akiendelea kutazama. Katika intaneti utaratibu ni tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayofaa kueleweka.

Video inayorushwa mtandaoni haisafiri kama mkondo mmoja usiokatika, ingawa ndivyo inavyoonekana machoni. Mtambo wa mrushaji huikata picha katika vipande vidogo vya sekunde chache, aghalabu kati ya sekunde mbili na kumi, na kila kipande huhifadhiwa kama faili lenye nambari yake katika seva. Pamoja na vipande hivyo kuna orodha ndogo ya maandishi inayotaja vilivyopo na mfuatano wake. Simu ya mtazamaji huisoma orodha hiyo, huomba kipande kinachofuata, hukionyesha, kisha huisoma tena orodha ili kuona kama kipya kimeongezwa. Apple ilitangaza utaratibu wa namna hii mwaka 2009 kwa jina la HLS, na mwaka 2012 kukachapishwa kiwango cha kimataifa kiitwacho DASH. Sehemu kubwa ya matangazo mubashara ya mtandaoni hutumia mojawapo kati ya hizo mbili.

Kwa hiyo mtazamaji anapobonyeza kitufe cha kusimamisha, hakuna kinachosimama Dodoma wala katika seva. Simu yake tu ndiyo inayoacha kuomba vipande. Seva inaendelea kupokea vipya na kuvipanga. Akibonyeza tena, simu inaomba kile ilichokuwa imekifikia, na yeye anaendelea kutazama akiwa nyuma ya wengine kwa muda ule ule aliosimama. Kurudisha nyuma ni jambo hilo hilo: simu inaomba kipande chenye nambari ya zamani badala ya kile kipya kabisa. Anayefuatilia kwa kompyuta katika YouTube anaweza kubonyeza herufi J ili kurudi sekunde kumi, K ili kusimamisha, na L ili kusogea mbele; kwa simu, kugusa mara mbili upande wa kushoto wa picha kunatosha.

Swali la msingi basi ni hili: seva inavitunza vipande vya zamani kwa muda gani? Hapa mwamuzi ni mrushaji wa matangazo. Anaweza kuacha dirisha la saa kadhaa, la dakika chache, au asiache lolote. YouTube humruhusu mtazamaji kurudi nyuma hadi saa 12, iwapo mwenye chaneli hakuizima huduma hiyo. Kipande kikishatoka nje ya dirisha, jina lake huondolewa katika orodha, na aliyesimamisha video tangu asubuhi atajikuta ameruka hadi sehemu ya zamani zaidi iliyosalia. Si hitilafu ya simu. Baadhi ya mitandao ya kijamii haimpi mtazamaji mstari wa kuvuta kabisa wakati tangazo linaendelea, na huko hakuna la kufanya ila kusubiri kama rekodi itawekwa.

Katika maoni ya mwandishi huyu, taasisi ya umma inayorusha hotuba, zabuni au mkutano wa wananchi haina sababu nzuri ya kuifunga huduma hii. Mwananchi wa Kariakoo hufuatilia huku akifanya kazi.

Lipo pia suala la bando. Video iliyosimamishwa haili data isipokuwa kiasi kidogo ambacho simu hujiwekea akiba ya sekunde za mbele. Kurudi nyuma, kwa upande mwingine, huweza kukugharimu mara ya pili, kwa kuwa simu hutunza kumbukumbu ya sehemu ndogo tu ya kile ilichokwishaonyesha. Zaidi ya hapo hukiomba upya. Video inayosafiri kwa kasi ya megabiti moja na nusu kwa sekunde hutumia takribani megabaiti 675 kwa saa, na iliyoshushwa hadi robo ya megabiti hutumia takribani 113. Anayetaka kusikia maneno ya hotuba zaidi ya kuona suti ya Waziri ashushe ubora wa picha kabla ya kurudi nyuma. Mpangilio wa kujiendesha hufanya hivyo wenyewe mtandao unapopungua nguvu, kama ilivyotokea Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti kuyumba nchini na katika nchi jirani.

Aliyebaki nyuma na anataka kuwafikia wenzake anaweza kugusa alama ya matangazo mubashara, ambayo hupoteza wekundu wake pindi mtazamaji anapokuwa nyuma, akarushwa mbele mara moja. Asiyetaka kukosa neno aongeze mwendo wa kucheza. Kwa mwendo wa moja na nusu, kila dakika moja ya kutazama humpunguzia pengo kwa nusu dakika. Hivyo aliye nyuma kwa dakika 20 atahitaji dakika 40 kuwafikia.

Hata hivyo, hata asiyegusa kitufe chochote yuko nyuma kidogo. Kukata vipande, kuvipeleka katika seva na kuvikusanya katika simu huchukua muda, mara nyingi sekunde kadhaa hadi nusu dakika. Mashabiki wa Simba na Yanga wanalijua hilo pasipo kufundishwa na mtu: anayetazama kwa simu husikia kelele za goli kutoka kibanda cha jirani chenye dekoda, wakati kwake mpira bado uko katikati ya uwanja.

Katika mpira hilo ni karaha tu. Katika maafa ni jambo zito. Jumamosi ya Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, matangazo ya mtandaoni yalifuatiliwa na ndugu waliokuwa wakitafuta majina na idadi. Idadi ya waliookolewa na ya waliopoteza maisha iliendelea kubadilika kadiri uokoaji ulivyosonga. Katika mazingira ya namna hiyo, anayefungua tangazo na kulivuta nyuma kwa saa tatu husikia taarifa ya saa tatu zilizopita, ikisemwa na kiongozi yule yule, mbele ya kifusi kile kile. Neno la kuashiria tangazo mubashara huenda bado liko pembeni mwa picha, kwa kuwa limebandikwa na mrushaji ndani ya video yenyewe na hurudi nyuma pamoja nayo. Akirekodi kioo cha simu na kusambaza, amesambaza habari iliyokuwa kweli na ambayo sasa si kweli, tena bila nia mbaya.

Kinga yake ni kutazama mahali pawili kabla ya kumpelekea mtu mwingine: rangi ya alama ya mchezeshaji video, ambayo haimo ndani ya picha, na saa iliyoandikwa katika skrini ya mrushaji ikilinganishwa na saa ya ukutani. Mrushaji naye, hususan msemaji wa taasisi, hufanya vema akitaja saa kwa kinywa chake kila anapotoa idadi: “hadi saa nane mchana huu”. Maneno hayo hayawezi kukatwa kirahisi kutoka katika takwimu yanayoandamana nayo.

Tangazo linapokwisha, YouTube huliweka kuwa rekodi iwapo halikuzidi saa 12, na kuanzia hapo kiungo kinaweza kunakiliwa kikiwa na dakika mahususi ndani yake. Muuzaji wa vitenge anayebishana na wakala wake wa forodha kuhusu alichosema Waziri anaweza kumtumia kiungo kinachofunguka katika sentensi ile ile, na hotuba nzima ikiwa nyuma na mbele yake.