Matege kwa Mtoto: Kwa Nini Daktari wa Mifupa Huuliza Kwanza Maji ya Kunywa

Mzazi anayempeleka mtoto mwenye matege katika kliniki ya mifupa hutarajia kuulizwa kuhusu miguu: ilianza lini kupinda, inauma au haiumi, mtoto alianza kutembea akiwa na umri gani. Katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, swali la kwanza linaweza kuwa jingine kabisa: nyumbani mnachota maji wapi?

Swali hilo si la maongezi. Kwa mtoto aliyekulia kwenye miteremko ya Mlima Meru au katika maeneo mengine yanayopitiwa na Bonde la Ufa, jibu lake linaweza kufichua chanzo cha matege, na pia kuamua iwapo upasuaji utaleta nafuu ya kudumu au utakuwa kazi bure.

Si kila matege ni ugonjwa

Watoto wengi huzaliwa wakiwa na miguu iliyopinda kidogo kwa nje kutokana na namna walivyokaa tumboni mwa mama. Hali hiyo ni ya kawaida hadi umri wa miaka 2. Baada ya hapo, kati ya miaka 3 na 4, magoti huelekea kugusana, na kufikia miaka 7 au 8 miguu ya watoto walio wengi huwa imenyooka yenyewe bila dawa wala kifaa chochote.

Hata hivyo, zipo dalili zinazotaka mtoto afikishwe hospitali bila kuchelewa. Dalili hizo ni kupinda kunakoongezeka baada ya umri wa miaka 2, mguu mmoja kupinda zaidi ya mwingine, maumivu, kuchechemea, au mtoto kuwa mfupi kuliko wenzake wa rika moja. Dalili hizo si laana, si matokeo ya kurogwa, na si jambo la kuonewa aibu. Ni taarifa kwamba mfupa unaokua umepata hitilafu inayopaswa kutafutiwa chanzo.

Magonjwa matatu, sura moja

Ugumu wa uchunguzi upo katika ukweli kwamba magonjwa tofauti huweza kuupa mguu sura ileile.

La kwanza ni ugonjwa wa mifupa kuwa laini unaotokana na upungufu wa vitamini D au kalsiamu. Vitamini D hutengenezwa mwilini kwa msaada wa mwanga wa jua unaoigusa ngozi, na kalsiamu hupatikana katika vyakula kama maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na mboga za majani. Mtoto anayekosa virutubisho hivyo hujengewa mifupa isiyokomaa, ambayo hupinda inapobeba uzito wa mwili.

La pili ni ugonjwa wa Blount, ambao huathiri sehemu ya ndani ya juu ya mfupa wa muundi, chini kidogo ya goti. Sehemu hiyo hukua polepole kuliko ya nje, na mguu hupinda kwa kona kali. Huonekana zaidi kwa watoto wenye uzito mkubwa na walioanza kutembea mapema.

La tatu ni athari ya madini ya floraidi yaliyozidi mwilini. Hili si la kawaida katika sehemu kubwa ya dunia, lakini katika maeneo yenye miamba ya volkano ya Afrika Mashariki linafahamika vyema. Hapa nchini, maji yenye floraidi nyingi yamebainika katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na baadhi ya maeneo ya Kanda ya Ziwa.

Namna floraidi inavyofika kwenye mfupa

Floraidi kwa kiasi kidogo huimarisha meno, na ndiyo sababu huwekwa katika dawa nyingi za meno. Tatizo ni kiasi. Maji yanapopita katika miamba na majivu ya volkano huyeyusha madini hayo na kuyabeba hadi kwenye chemchemi, mito na visima. Mwili hutoa sehemu ya floraidi kupitia mkojo, lakini inayobaki huhifadhiwa karibu yote katika mifupa na meno. Mtoto huhifadhi sehemu kubwa zaidi kuliko mtu mzima, kwa kuwa mifupa yake ingali inajengwa.

Mfupa uliopokea floraidi nyingi hujaa madini yaliyopangwa vibaya. Unaweza kuonekana mzito katika picha ya eksirei na bado ukakosa uimara. Endapo chakula cha mtoto hakina kalsiamu ya kutosha, madhara huwa makubwa zaidi. Kwa watu wazima walioyatumia maji hayo kwa miaka mingi, kano zinazoshikilia viungo huweza kugeuka kuwa ngumu kama mfupa, na mgongo au shingo ikakakamaa. Wapo wanaodhani kwamba maumivu hayo ni baridi yabisi ya kawaida.

Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu mwaka 1932 nchini Denmark, kwa wafanyakazi wa kiwanda cha Copenhagen waliovuta vumbi la madini ya kriolaiti. Mwaka 1937 madaktari nchini India walieleza ugonjwa huo kwa wanavijiji walioupata kutokana na maji ya kunywa.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 za floraidi katika lita moja ya maji. Dalili za athari katika mifupa huweza kuonekana pale maji yanapokuwa na miligramu 3 hadi 6 kwa lita, na ulemavu mkubwa huhusishwa na maji yenye zaidi ya miligramu 10. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4 kutokana na uhaba wa vyanzo mbadala, kabla ya kuoanisha kiwango chake na kile cha miligramu 1.5.

Uchunguzi unavyofanyika

Daktari huanza na historia: mahali mtoto alipozaliwa na kukulia, chanzo cha maji, chakula cha kila siku, na iwapo ndugu au majirani wana hali kama hiyo. Watoto kadhaa wa kijiji kimoja wanapokuwa na matege, shaka huelekezwa kwenye mazingira kabla ya ukoo.

Hatua inayofuata ni meno. Floraidi iliyozidi wakati meno ya ukubwani yanajengwa, yaani katika miaka 8 ya mwanzo ya maisha, huacha madoa meupe au ya kahawia yasiyoondoka kwa mswaki. Madoa hayo ni kumbukumbu ya maji aliyokunywa mtoto, lakini peke yake hayathibitishi kwamba mifupa imeathirika. Wapo wengi wenye meno ya kahawia na miguu iliyonyooka.

Picha ya eksirei husaidia kutenganisha magonjwa hayo. Katika upungufu wa vitamini D, ncha za mifupa karibu na goti na kifundo cha mkono huonekana zimepanuka na kuchakaa kama ukingo wa kitambaa kilichofumuka. Katika ugonjwa wa Blount, hitilafu huwa upande mmoja wa juu wa muundi. Katika athari za floraidi, mifupa inaweza kuonekana myeupe kupita kiasi, hasa ya uti wa mgongo na nyonga. Vipimo vya damu vya kalsiamu, fosfeti na vitamini D hukamilisha uchunguzi, pamoja na kipimo cha floraidi katika mkojo pale kinapopatikana. Mtoto mmoja anaweza kuwa na tatizo zaidi ya moja kwa wakati mmoja.

Matibabu hufuata chanzo

Umuhimu wa kutambua chanzo huonekana katika matibabu. Mtoto mwenye upungufu wa vitamini D au kalsiamu hupewa virutubisho hivyo, na akiwa bado mdogo miguu yake inaweza kunyooka kwa kiasi kikubwa bila kisu. Kumpasua mapema ni kumtesa bila sababu. Ugonjwa wa Blount ukigunduliwa kabla ya miaka 3 unaweza kudhibitiwa kwa kifaa maalumu cha kushikilia mguu. Ukichelewa, upasuaji huhitajika.

Kwa athari za floraidi, hakuna dawa inayosafisha mifupa kwa haraka. Madini hayo hupungua polepole, kwa miaka, baada ya mgonjwa kuacha kuyatumia. Hivyo matibabu ya kwanza ni kubadilisha maji na kuboresha chakula. Ulemavu ukiwa mkubwa, daktari hukata mfupa, kuunyoosha na kuufunga kwa plasta ngumu au vyuma hadi uunge. Kwa mtoto ambaye bado anakua, inawezekana pia kufunga kibati kidogo upande mmoja wa goti ili upande mwingine ukue na kuunyoosha mguu taratibu. Njia hiyo hukosa nafasi pale mifupa inapomaliza kukua. Samaki mkunje angali mbichi.

Baada ya upasuaji, mtoto huhitaji wiki kadhaa za uangalizi na mazoezi ya viungo. Lakini akirudi nyumbani kunywa maji yaleyale, mfupa ulionyooshwa unaweza kupinda tena. Hapo ndipo swali la maji linaporudi kuwa sehemu ya tiba.

Upasuaji wa mifupa wa kibingwa hutolewa katika hospitali za rufaa, zikiwamo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, na Hospitali ya Kanda ya KCMC mjini Moshi. Safari ya mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako hupewa rufaa.

Maji salama ndiyo kinga

Floraidi haina rangi wala harufu. Jina la Maji ya Chai, katika Wilaya ya Arumeru, humfanya mgeni adhani kwamba maji yenye madhara hutambulika kwa rangi; maji maangavu ya chemchemi yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi iliyobaki huwa nzito zaidi.

Serikali kupitia Wizara ya Maji imekuwa ikishughulikia tatizo hilo katika Kituo cha Utafiti wa Uondoaji Floraidi cha Ngurdoto, mkoani Arusha. Njia mojawapo inayotumika ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, husagwa na kuwekwa katika chujio, ambamo hunasa floraidi kabla haijafika katika mifupa ya binadamu. Chujio hilo huchoka, hivyo maji yake hupaswa kupimwa na mkaa kubadilishwa kwa wakati.

Aidha, mradi mkubwa wa maji wa Jiji la Arusha, wenye thamani ya shilingi bilioni 520 na uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulilenga kuongeza maji na kupunguza tatizo la floraidi kwa wakazi wa jiji na maeneo jirani.

Mambo ya kuzingatia

Wananchi wanaoishi katika maeneo yenye floraidi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

Kwanza, maji ya kisima au chemchemi yapimwe katika maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji kabla ya kuanza kutumika kwa kunywa na kupikia.

Pili, maji yaliyo salama yakiwa machache, watoto wadogo na wajawazito wapewe kipaumbele. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi huwa na floraidi kidogo sana.

Tatu, mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo sana hata pale mama mwenyewe anapokunywa maji yenye floraidi nyingi.

Nne, matumizi ya magadi katika kupikia maharage na makande yapunguzwe, kwa kuwa magadi ya baadhi ya maeneo hubeba floraidi nyingi.

Tano, mtoto ambaye matege yake yanaongezeka baada ya umri wa miaka 2 apelekwe kituo cha afya, na mzazi awe tayari kueleza mahali familia inapochota maji. Jibu hilo litamwongoza daktari sawasawa na picha ya eksirei.