Tiketi ya Kurudi Inathibitisha Nini?

Mkazi wa Kibondo anayevukia Burundi pale Mabamba haulizwi tiketi ya kurudi. Anatoa hati yake ya kusafiria, anaulizwa anakwenda kwa nani na atakaa siku ngapi, anagongewa muhuri na kutafuta bodaboda upande wa pili. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inamruhusu kukaa kama mgeni hadi miezi sita. Lakini akipanda basi hadi Dar es Salaam akamate ndege ya Dubai, anaweza kukwama kabla hata hajaonana na afisa uhamiaji. Mhudumu wa shirika la ndege anaingiza taarifa za pasipoti kwenye kompyuta, anasoma masharti ya huko aendako, kisha anataka kuona tiketi ya kuondokea. Viza anayo, mwenyeji anaye. Tiketi hana, basi begi halipokelewi.

Mhudumu hana roho mbaya. Kwa taratibu za Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa anga, abiria akikataliwa kuingia, shirika lililomleta ndilo linalobeba wajibu wa kumwondoa, na nchi nyingi hulitoza faini likimleta mtu asiyetimiza masharti. Kwa hiyo tiketi ya kurudi ni dhamana ya nauli, na kwa kazi hiyo sina ugomvi nayo. Ninachokipinga ni kuifanya ushahidi wa nia. Anayekwenda Ghuba kutafuta kazi kwa viza ya matembezi hununua tiketi ya kwenda na kurudi kama mtalii yeyote, halafu ile ya kurudi anaiacha ife. Anayetaabika ni mfanyabiashara wa Kasulu anayefuata mzigo Guangzhou bila kujua utakamilika lini. Marekani yenyewe imeonyesha kwamba haiiamini tiketi: Oktoba 2025 iliiingiza Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo mwombaji wa viza ya matembezi anaweza kutakiwa kuweka dola 5,000 hadi 15,000, arudishiwe akitii masharti na kuondoka kwa wakati. Ni ghali mno, ila angalau hapo dhamana imeitwa dhamana.

Atakuja mtu aseme ulegevu wa mpakani ndio uliotuletea Operesheni Kimbunga ya Septemba 2013, wahamiaji wasio na vibali walipoondolewa Kigoma, Kagera na Geita. Hoja ina uzito. Lakini miongoni mwao walikuwamo walioishi huku miaka mingi, na anayevuka kwa miguu kwa njia ya panya hapiti kwenye kaunta ya mtu yeyote. Kinachomfikia ni pasi ya kuvukia mpaka inayopatikana bila usumbufu, yenye tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Na tusijitoe: Tanzania nayo huwadai wageni wanaoomba viza tiketi ya kurudi.

Masharti hayatabadilika kesho. Msafiri asikubali karatasi ya tiketi bandia inayouzwa kwa bei ya chai, maana namba yake huhakikiwa papo hapo kaunta. Anunue tiketi inayobadilishwa tarehe, na kabla ya kulipa aulize atakatwa kiasi gani akiibadilisha. Anayekwenda Johannesburg kwa ndege na kutaka kurudi kwa basi kupitia Zambia aliulize shirika mapema, kwa maandishi, kama tiketi ya basi inakubalika.