Uboreshaji wa Anodi za Kaboni Ngumu katika Betri za Ioni za Sodiamu: Umuhimu wa Ufanisi wa Chaji ya Kwanza

Katika betri za ioni za lithiamu, anodi iliyozoeleka ni grafiti, ambayo uwezo wake wa kinadharia ni miliampia-saa 372 kwa gramu. Sodiamu, kinyume chake, huingia katika grafiti kwa kiasi kidogo mno. Mara nyingi hali hii huelezwa kwa ukubwa wa ioni ya sodiamu. Maelezo hayo hayajitoshelezi, kwani ioni ya potasiamu ni kubwa zaidi, nayo huingia. Kiini cha tatizo ni nishati: kampaundi ya sodiamu na grafiti haina uthabiti wa kutosha.

Mwaka 2000, Stevens na Dahn walionesha kwamba kaboni ngumu iliyotengenezwa kwa glukosi huhifadhi takribani miliampia-saa 300 kwa gramu. Kaboni hii ina matabaka mafupi yasiyopangika, yenye nafasi pana kati yake na vitundu vidogo ndani yake. Tangu hapo, tafiti nyingi zimelenga kuongeza uwezo huo. Makala haya yanadai kwamba uwezo pekee si kipimo toshelevu cha uboreshaji.

Wakati wa chaji ya kwanza, elektrolaiti huvunjika juu ya uso wa anodi na kujenga utando. Utando huo huilinda anodi, lakini hufunga sodiamu isiyorudi tena. Tuchukue mfano wa anodi inayopokea miliampia-saa 300 na kurudisha 240: ufanisi wake wa kwanza ni asilimia 80. Katika seli ya majaribio yenye metali ya sodiamu upande wa pili, hasara hiyo haionekani, kwa kuwa metali ni ghala lisilokauka upesi. Katika betri kamili, sodiamu yote hutoka kwenye kathodi. Kilichopotea hakina mbadala.

Njia za kupunguza hasara hiyo zinafahamika. Kuongeza joto la ukaboni, ambalo kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 1000 na 1500 za Selsiasi, hufunga vitundu vilivyo wazi na kupunguza eneo linalogusana na elektrolaiti. Hata hivyo, joto likizidi, matabaka husogeleana na uwezo hushuka. Malighafi za mimea, kama vifuu vya nazi, huhitaji pia kuoshwa kwa asidi ili kuondoa madini ya majivu. Njia nyingine ni kuifunika kaboni kwa tabaka jembamba la kaboni laini, au kuipa anodi sodiamu kabla ya kuunda betri.

Kwa hiyo, inapendekezwa kwamba kila matokeo ya uwezo yaambatane na ufanisi wa chaji ya kwanza, na yathibitishwe katika seli kamili. Bila hayo, anodi inayosifiwa maabara huenda ikaidhoofisha betri yenyewe.