Mbele sifiki, nyuma sibaki

Mbio nizipendazo ni za siku kadhaa mfululizo: unakimbia, unalala, kesho unaendelea. Mashuhuri ni Marathon des Sables ya jangwani Moroko, iliyoanza mwaka 1986: kilomita 250 hivi zilizogawanywa kwa hatua, chakula cha siku zote mgongoni, maji ndiyo unayogawiwa. Nyuma kabisa, kwa miaka mingi, walifuata ngamia: wakikupita, umetolewa. Kwetu sisi wa katikati, mshindani ni ngamia, si bingwa.

Hapa kwetu Kibiti hatuna jangwa, ila mchanga tunao. Kwenye njia za mikorosho miguu huzama mpaka vifundoni, na ukiteremka Nyamisati, kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, tope linakuvua viatu. Vijana huniuliza, "Shikamoo mjomba, unakimbizwa na nani?" Hawajui kuwa sehemu kubwa natembea. Ndivyo wafanyavyo wakimbiaji wengi wa kawaida: mlima na mchanga mzito ni wa kutembea, panapokimbilika ndipo pa kukimbia.

Kinachowatoa wengi ni miguu. Kiatu kizidi kidogo, maana nyayo huvimba. Jioni naosha, nakausha katikati ya vidole, napaka mafuta ya mgando. Lengelenge la siku ya kwanza ukilipuuza, siku ya tatu unachechemea.

Maji nayo yana hila: ukiyabugia matupu kupita kiasi, chumvi ya damu hushuka, na hilo huweza kuua. Mimi hubeba korosho za kukaanga zenye chumvi, na vitumbua vya asubuhi vilivyofungwa vizuri. Vile vijeli vya nguvu vya dukani, ghali na vinanata, nawaachia wenye haraka.