Montessori Haikuanza kwa Matajiri: Funzo kwa Chekechea Zetu za Umma

Neno "Montessori" huonekana kwenye mabango ya shule nyingi za kibinafsi nchini, na wazazi wengi huamini kwamba elimu hiyo ni ya wenye uwezo. Ukweli ni kwamba shule ya kwanza ya aina hiyo ilikuwa ya watoto wa vibarua, na haikutoza karo. Makala haya yanaeleza jinsi ilivyoanza, ilivyoingia katika shule za umma, na yale ambayo mkazi anaweza kuyafanya katika chekechea ya karibu naye.

Ilivyoanza

Mnamo Januari 6, 1907, daktari Maria Montessori alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa San Lorenzo, mjini Roma, Italia. Kampuni iliyokuwa ikikarabati nyumba za kupangisha mtaani humo ilikuwa na shida: wazazi walipoenda kazini, watoto wadogo walibaki peke yao, wakachafua kuta na kuharibu ngazi. Ikaonekana ni afadhali pesa za kurekebisha uharibifu huo zilipie chumba na mwalimu. Watoto wa miaka 3 hadi 7 walipokelewa bure.

Hata hivyo, bure haikumaanisha bila wajibu. Kulikuwa na kanuni: mtoto aletwe akiwa safi, mzazi amheshimu mwalimu, na mama afike angalau mara moja kwa wiki kuzungumza na mwalimu kuhusu mwanawe. Mwalimu naye alitakiwa kuishi katika jengo hilohilo, awe jirani wa wazazi. Kufikia Aprili 7 mwaka huo, nyumba ya pili ilikuwa imefunguliwa mtaani humo, na mwaka wa 1908 nyingine ikafunguliwa Milan.

Mtoto hujifunza vipi?

Watoto wa miaka 3 hadi 6 husoma katika chumba kimoja, wakubwa wakiwasaidia wadogo. Vifaa huwekwa kwenye rafu za chini ili mtoto achukue mwenyewe na kurudisha akimaliza. Kipande cha mbao kikitiwa katika tundu lisilo lake hakitoshi, kwa hivyo mtoto hugundua kosa lake bila kukaripiwa. Herufi za karatasi ya msasa hupapaswa kwa kidole kabla ya penseli kushikwa. Kumimina maji, kufunga vifungo na kufagia pia ni masomo.

Katika shule za umma

Mwaka wa 1975, mamlaka ya shule za umma ya Cincinnati, nchini Marekani, ilifungua shule ya Sands Montessori. Nia mojawapo ilikuwa kuvutia familia za weusi na za weupe kusomesha watoto wao pamoja kwa hiari. Mwaka wa 1994 mji huo ulipata shule ya upili ya umma ya Montessori, iitwayo Clark. Mfumo ulioanza na watoto wadogo ukafika hadi kwa vijana.

Hapa kwetu

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la elimu ya chekechea, yaani PP1 na PP2. Darasa, mwalimu na vifaa ni wajibu wa kaunti, na mkazi ana haki ya kuuliza. Lakini kama ilivyokuwa San Lorenzo, jengo pekee halikuzi shule. Mzazi anaweza:

• Kuongea na mwalimu mara kwa mara, bila kungoja kuitwa kwa sababu ya kosa.
• Kuchangia vifaa vya kawaida: mahindi na maharagwe ya kutenganisha, vikombe vya kupimia maji, vipande vya mbao kutoka kwa fundi seremala. Vitu vidogo vitumiwe mwalimu akiwa karibu, kwani mtoto anaweza kukwama navyo kooni.
• Kumwachia mtoto avae viatu na kujimiminia maji mwenyewe nyumbani, hata akichelewa.
• Kuhudhuria mikutano ya wazazi na vikao vya kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti, na kutaja chekechea yake kwa jina.

Tahadhari kwa wanaolipa karo

Jina "Montessori" halina mwenyewe. Shule yoyote yaweza kuliandika langoni. Kabla ya kulipa, omba kuingia darasani. Je, walimu wamesomea mfumo huo? Je, watoto wa umri tofauti wako pamoja? Je, wanachagua vifaa wenyewe na kupewa muda mrefu wa kufanya kazi bila kukatizwa? Kama wote wameketi kwa safu wakinakili ubaoni, unalipia bango tu.